Kijana wa Baghdad aliyeiweka moja katikati

Usiku mmoja wa juma lililopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikipunga upepo, kikombe cha kahawa mkononi, mjukuu wangu wa kike aliponijia na daftari lake la hesabu. Hakusema neno. Alilifungua tu akaliweka mapajani pangu, nikaona ukurasa mzima umejaa wino mwekundu kama uliochinjiwa kuku.

Hesabu zenyewe zilikuwa za vipeo. Aliulizwa 2 kwa kipeo cha 3 mara 2 kwa kipeo cha 4, akaandika 4 kwa kipeo cha 7. Ya pili yake, iliyokuwa ya namna ile ile, akaandika kipeo cha 12. Aliulizwa 5 kwa kipeo cha sifuri, akajibu sifuri. Na 2 kwa kipeo hasi cha 3 akaifanya kutoa 6. Nilipomwuliza mwalimu wao amewaeleza vipi, alinambia kuwa waliandikiwa kanuni tano ubaoni wakaambiwa wazihifadhi.

Msomaji, hapo niliona haya mimi. Kabla ya kustaafu nimesomesha hesabu miaka mingi, na kila nilipofika mlango huu nilifanya hayo hayo. Nikiandika kanuni, nikitoa mazoezi thelathini, na mtoto aliyeuliza kwa nini kitu kwa kipeo cha sifuri ni moja nilimjibu kuwa ndivyo kanuni ilivyo. Wengi walipasi mitihani kwa kukariri. Wengine niliwapoteza hapo hapo, na kuna mmoja ambaye hata leo tukikutana Makadara hunikumbusha kwa mzaha kuwa vipeo ndivyo vilivyomfukuza hisabati. Tunacheka wote wawili, lakini kicheko changu si cha moyo.

Basi usiku ule sikumfungulia mjukuu wangu kitabu cha shule. Nilimsimulia habari za mtu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka mia nane iliyopita, ambaye kwa wajuzi wa historia ya hesabu jina lake ni kubwa, ingawa huku kwetu watu humtaja al-Khwarizmi wakakomea hapo. Jina lake ni al-Samaw'al ibn Yahya al-Maghribi.

Alizaliwa Baghdad karibu na mwaka 1130 katika nyumba ya Kiyahudi. Baba yake alitoka Fez, mji wa Maghrib, na ndiyo sababu mwana akaitwa al-Maghribi ijapokuwa yeye alikuwa mtoto wa Iraq. Mzee huyo alikuwa mwanachuoni wa dini yao na tena mshairi wa Kiebrania. Kwao alijulikana kwa jina la Yehuda, na kwa Waarabu Yahya. Mama alikuwa wa ukoo wa Basra, mwanamke aliyesoma, na jina lake lilikuwa la mamake Nabii Samuel, ambaye Waislamu wengi humwita Shamwil. Yasemekana bibi huyo, kama yule aliyempa jina, alikaa muda bila ya mtoto, akaweka nadhiri kuwa akijaaliwa mwana atamwita jina la Nabii huyo. Ndipo akazaliwa Samuel, na kwa ulimi wa Kiarabu al-Samaw'al.

Kitoto hicho kilianza kama watoto wetu wa chuoni wanavyoanza, kwa herufi na kitabu cha dini. Alisoma maandishi ya Kiebrania, kisha Taurati na tafsiri zake, mpaka umri wa miaka 13. Hapo baba yake akamtia katika elimu nyingine. Alimpeleka kwa walimu wa hesabu za Kihindi, yaani hizi tarakimu tunazotumia leo, na elimu ya nyota. Udaktari aliusoma kwa Abu'l-Barakat, mwanafalsafa na tabibu mashuhuri wa Baghdad, ambaye naye alizaliwa Myahudi na akasilimu uzeeni. Alikuwa pia na mjomba tabibu, ndugu wa mamake, akimtazama anavyowatibu na kuwapasua wagonjwa.

Lakini moyo ulikuwa kwenye hesabu. Na hapa pana jambo ambalo nilimwambia mjukuu wangu alisikilize kwa masikio mawili. Baghdad ya wakati ule, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa imepungukiwa na walimu. Kijana huyu aliposoma juzuu za mwanzo za kitabu cha Euclid hakupata mtu wa kumfikisha mwisho wake, akazimaliza zilizobaki peke yake. Kisha akavichukua vitabu vya aljebra vya Abu Kamil na vya al-Karaji, aliyekuwa amefanya kazi yake Baghdad zaidi ya miaka mia moja kabla yake, akavisoma peke yake vile vile. Alipofika miaka 18 alikuwa hana wa kumfundisha. Na alipofika miaka 19 alitunga kitabu chake, al-Bahir fi'l-jabr, yaani kitabu king'aavyo katika elimu ya aljebra.

Miaka 19! Umri ambao sisi twamwona mtu bado ni mtoto wa kutumwa dukani.

Ili kulielewa alilofanya, lazima kwanza tujue wenzake waliviitaje vipeo. Hawakuwa na alama hizi tunazoandika, ile herufi na kijitarakimu kidogo kilichopandishwa juu ya bega lake. Hicho kilienea baada ya kitabu cha Descartes, Mfaransa, mwaka 1637. Wao waliandika kwa maneno, na maneno yenyewe sisi watu wa pwani hatuna haja ya mkalimani. Namba isiyojulikana waliiita shay', yaani kitu. Kitu kikizidishwa kwa chenyewe, waliita mal, neno hili hili letu la mali. Kikizidishwa mara ya tatu waliita ka'b, yaani umbo la pande sawa kama dado, na asili ya neno ni moja na jina la Nyumba tukufu ya Makka. Cha nne ni mali ya mali. Cha tano ni mali ya ka'b. Cha sita ni ka'b ya ka'b. Na hivyo hivyo kwenda mbele. Upande wa chini walisema sehemu ya kitu, sehemu ya mali, sehemu ya ka'b, kama sisi tusemavyo nusu, robo na thumni.

Sasa fikiri, msomaji, mtu anaambiwa azidishe mali ya ka'b kwa sehemu ya mali ya mali. Majina tu yamtosha kichwa kumwuma. Al-Karaji alikuwa amekwisha kuona kuwa majina haya yamepangika kwa daraja, lakini kijana al-Samaw'al ndiye aliyeyaandika yote katika jedwali moja lililonyoka. Katikati aliweka moja. Upande mmoja akapanga kitu, mali, ka'b, mpaka daraja ya tisa. Upande wa pili akapanga sehemu ya kitu, sehemu ya mali, sehemu ya ka'b, nako mpaka ya tisa. Juu ya kila chumba akaandika kiko hatua ngapi kutoka kwa ile moja, na juu ya moja yenyewe akaweka sifuri. Chini yake akatia mifano miwili ya namba, mmoja wa 2 na mmoja wa 3, ili msomaji ashike kwa mkono: kwa 2 daraja ya tisa ni 512, na kwa 3 ni 19,683.

Halafu akatoa kanuni. Ukitaka kuzidisha daraja mbili, simama kwenye mmoja wa hao wawili, hesabu mwenzake yuko hatua ngapi kutoka kwa moja, kisha tembea hatua hizo hizo. Wakiwa wote upande mmoja, tembea ukiiacha moja nyuma yako. Wakiwa pande mbalimbali, geuka uifuate moja. Utakaposimama ndipo lilipo jawabu. Kugawanya ni kutembea kinyume chake.

Nilichukua chaki nikaichora njia hiyo sakafuni pale barazani. Katikati 1. Kulia 2, 4, 8, 16, 32, 64. Kushoto nusu, robo, thumni, sehemu ya 16, sehemu ya 32. Juu yake nikaandika hatua, kisha nikampa mjukuu wangu kikombe changu cha kahawa, kilichokuwa kimeshakwisha, nikamwambia azidishe 8 kwa 16.

Akakiweka kikombe juu ya 8, hatua ya tatu. 16 iko hatua nne kutoka kwa moja. Akakisukuma mbele hatua nne, akafika ya saba, nje ya mstari wangu. Ikabidi aurefushe mstari mwenyewe na kuandika 128. Hapo alilitazama daftari lake, akaiona ile 12 aliyoiandika, akacheka. Aliwahi kuzidisha tatu kwa nne palipotakiwa kutembea tatu kisha nne. Na ile 4 kwa kipeo cha 7 akaifuta bila kuambiwa, maana mstari ni wa 2, na kutembea juu yake hakuufanyi uwe wa 4.

Nikamwambia 32 mara thumni. Kikombe juu ya hatua ya tano, thumni iko upande wa pili hatua tatu, basi akageuka akarudi tatu, akasimama juu ya 4. Nikamwambia 4 igawanywe kwa 32. Akasimama kwenye mbili, akarudi tano, akaipita moja, akaangukia thumni. Alikaa kidogo akiitazama. Kisha akasema kuwa basi hicho kipeo hasi cha 3 ndicho hiki, si deni wala hasara, ni upande wa pili wa njia tu. Nikamwambia 8 igawanywe kwa 8. Akarudi hatua tatu, kikombe kikasimama juu ya moja, chini ya sifuri. Sikusema kitu, naye hakuuliza kwa nini.

Hata ile kanuni ya kipeo cha kipeo, ambayo wanafunzi wangu wengi waliichanganya na ya kuzidisha, ilipita kama maji. 8 kwa kipeo cha 2 ni kutembea hatua tatu mara mbili, sita, 64. Kanuni ya namba mbili zilizozidishwa pamoja kisha zikapandishwa kipeo haichoreki njiani namna hii, lakini al-Samaw'al hakuiacha. Aliithibitisha kwa daraja, mali kwanza, kisha ka'b, kisha mali ya mali, kila moja ikisimama juu ya mabega ya iliyotangulia.

Kazi yake haikuishia kwenye jedwali. Al-Karaji alikwama katika kugawanya mafungu marefu ya aljebra kwa mafungu mengine, sababu hakuwa na kanuni kamili za namba hasi. Kijana alizitoa. Akagawanya mali 20 na vitu 30 kwa mali 6 na namba 12, akapata tatu na thuluthi, na sehemu za kitu 5, na akaendelea kuteremka upande wa pili wa ile moja, daraja baada ya daraja, mpaka hesabu nane. Ndipo akaona kuwa kila hesabu ni ile iliyoitangulia kwa hatua mbili ikazidishwa kwa 2 na kubadilishwa alama, kwa hivyo mtu aweza kuendelea milele bila kugawanya tena. Mahali pengine aliweka vitu kumi visivyojulikana na kuandika milinganyo 210 kuvifumbua. Nakiri hiyo sikumwonyesha mtoto.

Alipokuwa mtu mzima aliishi kwa udaktari, akizunguka Iraq, Sham na nchi za Ajemi mpaka Azerbaijan, akiwatibu wakubwa na wadogo. Inasemekana alitunga vitabu 85, lakini vingi vimepotea. Katika vilivyobaki kimo cha tiba juu ya maisha ya mume na mke, ambacho si cha ukurasa huu, na kimoja cha kufichua makosa ya wapiga nyota, ambacho nadhani baadhi ya mafundi wetu wa falaki wasingependa kukisoma.

Nilidhani hadithi imekwisha, lakini mjukuu wangu aliniuliza babake yule kijana alisemaje kuhusu kitabu. Watoto huuliza pale wakubwa wanapopita haraka. Basi nikamwambia yaliyobaki.

Al-Samaw'al, kwa akili ile ile ya kutaka kila jambo lithibitishwe, alianza tangu ujanani kujiuliza juu ya dini aliyozaliwa nayo. Kwa nini mtu aifuate dini ya baba yake kwa kuwa ni ya baba yake tu, na watu wa kila dini wana hoja hiyo hiyo? Akasoma tarehe, akasoma habari za Mitume, na moyo wake ukaelekea Uislamu. Lakini hakusilimu. Alikaa na siri hiyo miaka, na sababu yake aliieleza waziwazi katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe: alimstahi baba yake, aliyempenda na kumlea na kumtafutia walimu, akachelea kumvunja moyo.

Mnamo mwaka 1163 alikuwa Maragha, katika Azerbaijan ya Ajemi. Hapo aliota ndoto mbili, ya kwanza akimwona Nabii Shamwil, ambaye jina lake alilibeba, na ya pili akimwona Mtume Muhammad (S.A.W.). Akasilimu. Ilikuwa 8 Novemba mwaka huo, kwa hesabu yetu mwezi 9 Mfunguo Tatu 558, siku ya Arafa, kesho yake Idi ya kuchinja. Yeye mwenyewe alisisitiza kuwa ndoto hazikumpa hoja, kwa kuwa hoja alikuwa nazo zamani. Zilimpa ushujaa tu. Kisha akaandika kitabu kikali cha kujadiliana na wale aliotoka kwao. Sikikusudii leo. Mjadala wa namna hiyo ulikuwa ada ya zama zile kwa kila upande, na ukali wake haukupunguza ukweli kwamba nusu ya elimu aliyokuwa nayo aliipata katika nyumba ya Kiyahudi.

Ninachokikusudia ni baba. Mzee Yehuda wakati huo alikuwa Aleppo, mji wa Sham ambao Waarabu huuita Halab. Mwana alimwandikia, akamweleza alilofanya na sababu zake. Mzee alipoipata habari hiyo hakujibu kwa barua. Alifunga safari mwenyewe kumwendea mwanawe Maragha, mwendo wa masiku na masiku kupita Iraq. Hakufika. Alifia njiani.

Mzee huyu aliacha utenzi wa dini, ambao hata leo Mayahudi wenye asili ya Andalusi na Maghrib huuimba sikukuu ya mwaka mpya wao kabla ya kupigwa baragumu. Utenzi huo ni juu ya Nabii Ibrahim kumtoa mwanawe, ambaye wao humtaja Is-haka, na wengi wa maulamaa wetu husema ni Ismail. Ndani yake amemtaja baba kwa machozi, amemtaja mwana kwa utiifu, na mama aliyebaki nyumbani. Mimi si Myahudi, lakini nami ni baba, tena babu, na nilipolijua jambo hilo niliketi kitambo. Ni mtu mmoja aliyetunga hayo, na mwanawe alisilimu mkesha wa Idi ya Ibrahim.

Mjukuu wangu aliuliza kama mwana alijuta. Nilimwambia kuwa hakujutia dini yake. Aliishi na kufa Muislamu. Juu ya babake, alimtaja katika maandishi yake kwa heshima na rehema, mpaka mwisho.

Alibaki Maragha, na miaka tisa baada ya kusilimu, 1172, alimaliza kitabu kingine cha hesabu za Kihindi, ambamo alizitumia sehemu za kumi, za mia na za elfu, zile tunazoziandika leo kwa nukta, kuzifuata daraja za kushuka vile vile kama upande wa pili wa jedwali lake la ujana. Alifariki hapo Maragha karibu na 1180. Katika mji huo huo, mwaka 1259, Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga nyumba ya kuangalizia nyota iliyokuja kuwa mashuhuri duniani. Ama al-Bahir, nakala yake ilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 1972 wanachuoni wawili, Salah Ahmad na Roshdi Rashed, waliichapisha Damascus.

Tuliondoka barazani saa nne na nusu. Asubuhi nilipotoka kwenda sokoni niliukuta mstari wa chaki umerefushwa mpaka mlangoni kwa jirani, kulia umefika 4096, na chini yake umechorwa mwingine wa 3 na mwingine wa 5. Chini ya yote mtoto alianza mstari wa nne, wa sifuri. Aliandika sifuri, sifuri, sifuri upande wa kulia, akaacha katikati patupu, na upande wa kushoto akaweka alama kubwa ya kuuliza. Alipokuwa akifunga viatu kwenda shule aliniuliza pale katikati paandikwe nini, na kushoto je. Nilimwambia upande wa kushoto hakuna njia, maana hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri. Juu ya pale katikati nilimwambia amwulize mwalimu wake, na mimi usiku nitamweleza kwa nini wenye hesabu wamelizozania jambo hilo. Akaondoka mbio. Nikachukua ndoo ya maji na fagio, nikafuta mistari mitatu, huo wa nne nikauacha.